Picha ya mto ilizuia bwawa Tasmania 1983. Mbona picha za Lee Point hazikuzuia nyumba 800?

#1 Kioo_Mbele
Salaam wakuu.

Mwaka 1979 Peter Dombrovskis alipiga picha ya ukungu wa asubuhi kwenye mto Franklin, Tasmania, mahali panapoitwa Rock Island Bend. Machi 1983, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Australia, picha ile ikatoka magazetini ukurasa mzima, kwa rangi, ikimuuliza msomaji kama kweli anaweza kukipigia kura chama kitakachopaharibu mahali kama hapo. Tarehe 5 Machi chama cha Labor cha Bob Hawke kikashinda. Bwawa la umeme lililopangwa kujengwa kwenye mto ule likafa.

Sasa twende Lee Point, pembeni ya Darwin. Walarrakia, wenyeji wa pale, wanapaita Binybara. Kuna pori la miti mikongwe, ufukwe, na chiriku wa Gouldian wenye rangi utadhani mtoto kamaliza kopo zote za rangi. Shirika la nyumba za wanajeshi likataka kujenga nyumba 800. Picha zilipigwa za kila namna, za droni, za machweo, za ndege mmoja mmoja tawini. Aprili 2024 matingatinga yakarudi kufyeka.

Kamera zimekuwa bora na picha inafika dunia nzima kabla chai haijapoa. Hoja yangu ni kwamba picha ya mandhari imekwisha nguvu, imebaki pambo la kalenda. Nipingeni.

#2 Mama Ntilie Digital
Nimekaa paleee. Ngoja waje wenye lenzi ndefu.

#3 Hati_Miliki
Mkuu #1 umeruka hatua mbili, na jibu limelala humo humo ulimoruka.

Hawke kushinda hakukuua bwawa. Serikali ya jimbo la Tasmania iliendelea na ujenzi, ikisema ardhi na mito ni mambo ya jimbo. Bunge la shirikisho likatunga sheria ya kulinda mali za Urithi wa Dunia, Tasmania wakagoma, kesi ikaenda Mahakama Kuu ya Australia. Hukumu ilitoka 1 Julai 1983, majaji wanne kwa watatu. Jaji mmoja tu angegeuka, leo tungekuwa tunazungumzia picha ya mahali palipozama.

Na hiyo sheria ilipata pa kusimama kwa sababu eneo lilikuwa limeshaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia Desemba 1982. Picha ilileta kura, kura zikaleta sheria, na sheria ilikuwa na mkataba wa kimataifa wa kuushika. Lee Point haikuwa na mkataba wa aina hiyo. Kibali cha mazingira kilikuwa kimeshatoka 2019. Kupiga picha baada ya kibali ni kupiga honi wakati basi limeshaondoka.

#4 Njano5
Ile picha ya mto si ni ya Olegas Truchanas? Yule aliyefia mtoni.

#5 Kioo_Mbele
Hapana. Truchanas ndiye mwalimu wa Dombrovskis, na kweli alizama mto Gordon Januari 1972. Yeye alipigania Ziwa Pedder lisizamishwe na bwawa jingine. Makusanyo yake mengi ya slaidi yaliungua na nyumba yake kwenye moto wa 1967, akarudi porini kupiga upya.

#6 Hati_Miliki
Na hapo #5 umejijibu mwenyewe bila kujua. Maonyesho ya slaidi za Truchanas yalijaza ukumbi wa mji Hobart, watu wakalia. Ziwa Pedder likazamishwa hivyo hivyo, 1972. Kwa hiyo hata enzi hizo unazoziita za dhahabu, picha nzuri ilishindwa. Iliyoshinda 1983 ilikuwa na uchaguzi nyuma yake na orodha ya Urithi wa Dunia mkononi.

#7 Kovu la Mti
Nyote wawili mnaongea kama mto ule ulikuwa hauna wenyewe.

Iangalieni tena ile picha ya ukungu. Hakuna mtu, hakuna moshi, hakuna njia. Ujumbe wake ni kwamba hapa pako vile vile tangu siku ya kwanza. Wakati huo huo, chini zaidi kwenye mto ule ule, wataalamu walikuwa wamechimba pango la Kutikina 1981 wakakuta zana za mawe na mifupa ya wanyama iliyoachwa na Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, enzi ya barafu, kama miaka 20,000 nyuma. Sheria ya 1983 ilikuwa na kifungu kizima cha maeneo ya Waaborijini, na mahakama ilikijadili. Gazetini kikatoka kitu kimoja tu, mto mtupu.

Hilo ndilo tatizo la Lee Point na kwingineko. Mpiga picha wa mandhari amefundishwa kuondoa watu kwenye fremu. Halafu anataka picha hiyo hiyo ithibitishe kwamba mahali ni patakatifu pa watu fulani. Afisa wa mipango akiangalia anaona miti. Miti anayo jibu lake tayari: tutapanda mingine kwingine.

#8 Njano5
#7 hapo umenigusa. Lakini wale chiriku je? Si walisimamisha kazi kwa muda?

#9 Kovu la Mti
Walisimamisha, ndiyo. Wapenda ndege walipowapiga picha pale 2022 kazi iliahirishwa, kwa sababu yule ndege yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini na sheria ya mazingira ya 1999 inamtambua. Ilipofika katikati ya 2023 masharti ya kibali yakarekebishwa, kazi ikaruhusiwa. Baadaye kazi ikasimama tena kwa ombi la Walarrakia chini ya sheria ya urithi ya 1984. Umeona tofauti? Picha ya chiriku ilikuwa na kifungu chake. Picha ya machweo haina kifungu.

#10 Pima_Pori
Mnajadili siasa, mmesahau ufundi. Picha nyingi za kampeni zinatupwa na tume za mipango kwa sababu za kiufundi kabisa.

Mahakama ya Ardhi na Mazingira ya New South Wales, jimbo la Sydney, ina mwongozo kuhusu picha zinazoonyesha jengo litakavyoonekana likishajengwa. Wanataka picha halisi ya sasa, picha hiyo hiyo ikiwa na mistari ya jengo juu yake, ramani ya mahali kamera iliposimama na ilikoelekea, aina ya kamera na upana wa lenzi, na jina la mpima ardhi aliyehakiki vipimo. Ukileta picha uliyoipenda Instagram bila hayo, wakili wa mwendelezaji, yaani mwenye mradi wa ujenzi, anaibomoa kwa maswali matatu.

Lenzi ndiyo mchezo wenyewe. Kwenye kamera ya fremu kamili, milimita 50 inakupa upana wa kama digrii 40. Simu yako ina kama milimita 24 hadi 26, digrii sabini na kitu. Kilima kile kile kwenye simu kinatoka nusu ya ukubwa. Ndiyo maana vipeperushi vya nyumba hupigwa kwa lenzi pana: ghorofa linaonekana liko mbali, halimsumbui mtu. Wanaharakati nao wana dhambi yao, wanatumia milimita 200 ili mlima na tingatinga vionekane vinabusiana. Zote mbili zinatupwa.

Tumia 50, kamera iwe mita 1.6 kutoka ardhini, stendi imesawazishwa kwa pima maji. Ukichapa kwa A3, picha yenyewe ikiwa na upana wa sentimita 39, mtazamaji aishike kama sentimita 54 kutoka jichoni ndipo ataona ukubwa wa kweli. Andika hilo chini ya picha. Wajumbe huwa wanashangaa wakijaribu.

#11 Mama Ntilie Digital
Sentimita 54 kutoka jichoni. Mjumbe anakuja na rula kikaoni 😂

#12 Pima_Pori
Aje nayo, ndicho tunachotaka.

Naongeza la kurudia picha, maana msitu hauliwi siku moja. Chomeka mambo ya chuma (kigingi) sehemu ya umma, chukua GPS, andika uelekeo wa dira. Sydney dira inapotoka kaskazini halisi kwa digrii 12 na ushee kuelekea mashariki, Darwin kama 3. Usipoandika umetumia kaskazini ipi, picha ya mwaka wa pili haitalingana na ya kwanza. Rudi saa ile ile, msimu ule ule.

Mwanga wa msituni: jua kali ni adui. Linakupa madoa meupe na vivuli vyeusi, huoni shina. Subiri wingu zito. Tundu f/8 mpaka f/11, ISO 100, shata itashuka hadi nusu sekunde, kwa hiyo upepo ukipuliza majani yanakuwa uji. Ngoja utulie. Filta ya polaraizi inaondoa mng'ao wa majani ila inakula karibu stopu mbili, yaani inabaki kama robo ya mwanga.

#13 Hati_Miliki
Na asiingie ndani ya uzio. Australia kupiga picha ya ardhi ya mtu ukiwa barabarani hakuna kosa. Ukiruka uzio ni kuingia kwa jinai, na Sheria ya Ushahidi ya 1995, kifungu cha 138, inampa jaji nafasi ya kuikataa picha iliyopatikana isivyo halali. Droni isizidi mita 120 juu, na ikae mita 30 mbali na watu.

Northern Territory, kule iliko Darwin, kuna kingine kizito zaidi. Sheria yao ya Maeneo Matakatifu ya 1989 inalinda eneo takatifu hata kama halijasajiliwa. Tafsiri yake kwa mpiga picha: ukiingia bila ruhusa ya wenye eneo, wewe mwenyewe ndiye mvunja sheria, hata kama ulikwenda kuwasaidia.

#14 Kovu la Mti
Asante #13, wengi hawalijui hilo.

Sasa nieleze picha ambayo ina kifungu chake: mti wenye kovu. Waaborijini walibandua gome la mikaratusi kwa ajili ya mitumbwi, ngao, vyombo vya kubebea, vibanda. Mti unapona, unaacha kovu. Kule New South Wales sheria ya 1974 inafanya kuharibu kitu cha namna hiyo bila kibali kuwa kosa, na ukikiona unatakiwa kutoa taarifa kisajiliwe.

Shida ni kwamba mshauri wa mwendelezaji atasema ni kovu la moto, au tawi lilikatika. Kwa hiyo picha zako zinatakiwa kumjibu. Kovu la moto kwa kawaida linaanzia ardhini na lina umbo la pembetatu, pana chini. Kovu la tawi halina mpangilio, mara nyingi unaona kisiki cha tawi juu yake. La mkono wa mtu huwa limepaa kutoka ardhini, pande mbili zinakwenda sambamba, ncha za juu na chini zimefanana, iwe duara au ncha kali. Mara chache unakuta alama za shoka kwenye mbao kavu iliyo wazi katikati ya kovu. Tazama pia mdomo, ile nyama ya mti inayorudi kufunika kidonda: ukiwa mnene na umejikunja ndani, kovu ni la zamani.

Piga mti mzima na nguzo ya mita 2 yenye mistari ya kila sentimita 20. Kisha shina. Kisha kovu kwa mbele, kamera ikiwa katikati ya kovu na si chini ikitazama juu, maana ukiinua kamera pande zinaonekana zinakutana na umepoteza ule usambamba. Kisha ukingo wa kushoto, wa kulia, ncha ya juu, ncha ya chini. Alama za shoka zimulike kwa tochi kutoka ubavuni, kama digrii 15 toka usawa wa mti. Mwanga wa mbele unazifuta kabisa. Mkiweza, piga 60 hadi 80 kuzunguka shina, kila picha ipande juu ya iliyotangulia kwa asilimia 70, programu itakujengea umbo la pande zote.

Msibandue gome, msipake chokaa. Kwenye michoro ya kuchonga juu ya mawe ya Sydney watu walikuwa wanafuatisha mistari kwa chaki ili itoke vizuri. Wameharibu mawe hivyo. Jua la jioni la ubavuni linatosha.

#15 Fundi Faili
Na baada ya kazi yote hiyo mtu anatuma WhatsApp kama picha. Imeisha. Inabanwa, na taarifa zote za ndani, saa, GPS, lenzi, zinafutwa. Tuma kama dokumenti. Hifadhi faili ghafi jinsi lilivyotoka kwenye kadi, tengeneza alama ya SHA-256 (namba inayobadilika faili likiguswa hata kidogo) siku hiyo hiyo, iandike kwenye daftari. Na kabla hujatoka linganisha saa ya kamera na saa ya GPS, dakika nne za tofauti zinatosha kumpa wakili mchana mwema.

#16 Njano5
Lakini #15, hiyo GPS si ndiyo itakayowaelekeza waharibifu kwenye mti? Picha ikiwa hadharani na sehemu yake imo...

#17 Fundi Faili
Sahihi. Ndiyo maana nakala mbili. Ya ushahidi inabaki na kila kitu na inakwenda kwa wenye ardhi na wakili wao. Ya hadhara inavuliwa taarifa zote, na uangalie kilele cha mlima au mnara wa simu usionekane nyuma. Mtu mwenye ramani ya setilaiti anapata mahali kwa mnara mmoja.

#18 BintiKinondo
Hapo ndipo nilikuwa nasubiri mfike. Kwa nini mnadhani mahali patakatifu panaweza kupigwa picha?

Someni kisa cha kisiwa cha Hindmarsh, Australia Kusini, wenyewe wakiita Kumarangk. Kulikuwa na mradi wa marina na makazi, ukahitaji daraja. Wanawake wa Kingarrindjeri wakasema kuna siri ya wanawake pale. 1994 waziri akazuia daraja kwa miaka 25 kwa kutegemea maelezo ya siri hiyo yaliyowekwa kwenye bahasha zilizofungwa, zimeandikwa zisomwe na wanawake tu. Bahasha zikaishia ofisi ya mwanasiasa mwanamume wa upinzani, 1995 akalazimika kuachia wadhifa wake wa mbele bungeni. Tume ya jimbo ikasema siri ilitungwa. Mwaka 2001 jaji wa Mahakama ya Shirikisho akasema hakushawishika kuwa ilitungwa. Mwaka huo huo daraja likafunguliwa, magari yanapita.

Ukinyamaza, wanasema huna ushahidi. Ukisema, si siri tena. Kamera haitoki kwenye mtego huo, inauzidisha.

#19 Hati_Miliki
#18 umenena. Ila nakupinga kidogo: lipo jambo lililofanya kazi. Mlima Mumbulla, kusini mwa New South Wales, mwishoni mwa miaka ya 70. Msitu ulikuwa unakatwa kwa ajili ya vipande vya mbao. Mzee Guboo Ted Thomas wa Wayuin alipanda mlima na mpiga picha Wesley Stacey. Mzee ndiye aliyeongoza, si kamera. Picha zikaenda sambamba na ripoti ya mtaalamu wa mambo ya kale. 1980 sehemu ya mlima ikawekewa ulinzi, na 2006 mbuga ya Biamanga ikarudishwa kwa wenyewe.

#20 Kioo_Mbele
Ila hiyo ilikuwa misitu ya serikali, si viwanja vya nyumba. Mkataji mbao akiondoka anapoteza magogo. Mwendelezaji akiondoka anapoteza thamani ya kila kiwanja kwa miaka ijayo. Nguvu hazilingani.

#21 Hati_Miliki
Kweli. Na ardhi ya hati binafsi ni ngumu zaidi. Kesi ya Fejo ya 1998, tena Walarrakia hao hao, eneo linalogawanywa viwanja karibu na Darwin: Mahakama Kuu ilisema hati kamili ya umiliki binafsi ikishatolewa, haki ya asili ya wenyeji juu ya ardhi hiyo imekufa, hata ardhi ikirudi serikalini haifufuki.

#22 Mchanga wa Pwani
Mbona hamjagusa Belrose? Kaskazini mwa Sydney, eneo la Patyegarang. Pale aliyeleta mpango wa nyumba 450 ni Baraza la Ardhi la Waaborijini lenyewe, kwa ardhi waliyorudishiwa chini ya sheria ya haki za ardhi ya 1983. Waliopinga kwa picha za msitu na michoro ya mawe wengi ni majirani wasio Waaborijini. Na Waaborijini wenyewe hawakuwa na kauli moja. Haya, mpiga picha mtakatifu, elekeza lenzi wapi?

#23 Kovu la Mti
Hilo swali nalikimbia kila siku. Anaanza kwa kuuliza nani ana haki ya kulisemea eneo. Sheria ya New South Wales inamtaka mwendelezaji atoe siku 14 watu wajisajili kama wahusika, na siku 28 za kutoa maoni juu ya rasimu ya ripoti. Mpiga picha asiyejua nani amejisajili anaweza kujikuta anampigia kampeni jirani anayelinda bei ya nyumba yake.

#24 Mchanga wa Pwani
"Anayelinda bei ya nyumba yake" 😂 umewamaliza.

#25 Njano5
#18 wewe jina lako linasema Kinondo. Kaya za Mijikenda, ile misitu mitakatifu ya pwani ya Kenya, zikoje kwenye hili? Si zimo Urithi wa Dunia?

#26 BintiKinondo
Zimo tangu 2008, ila si zote. Serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kumbukumbu za taifa zinazolindwa 1992, na zile za Diani na Tiwi zilikuwa zimeshamegwa kwa mahoteli na viwanja. Kaya Kinondo ni kama hekta 30, unaingia na mwongozaji, umefunga kaniki, na picha unapiga pale ulipoambiwa. Fingo, yaani dawa ya kulinda kaya, lilipofukiwa huonyeshwi, seuze kupiga.

Na kuhusu picha, sisi tunayo ya pande zote mbili. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kimijikenda na vigango vyake viwili, nguzo za kuchonga za kuwakumbuka marehemu. Muda mfupi baadaye vikaibwa. 1999 akakiona kimoja kwenye slaidi ya jumba la makumbusho la chuo Marekani. Ile picha ya 1985 ndiyo iliyothibitisha ni chenyewe, na 2007 kikarudi nyumbani.

#27 Kioo_Mbele
Kwa hiyo picha ilisaidia!

#28 BintiKinondo
Ilisaidia kumpata aliyekuwa nacho. Mzee alikuwa ameshafariki bila kukiona tena. Na picha ile haikukizuia kuibwa.

#29 Hati_Miliki
Nabaki na msimamo wangu: tatizo ni tarehe. Picha ifike kabla ya kibali.

#30 Kovu la Mti
Nami na wangu: ifike kabla, ila ikiwa na watu na kovu, si ukungu.

#31 Pima_Pori
Hata ikiwa na ukungu, iwe milimita 50.

#32 Mama Ntilie Digital
Swali la mwisho nisaidieni: mambo ya chuma ya #12, urefu gani? Na fundi wa greda akiing'oa?

#33 Pima_Pori
Sentimita 60, ichomeke 50 ibaki 10, paka rangi ya njano. Na usitegemee moja: pima umbali kwa futi kamba hadi vitu vitatu visivyohama, kona ya kalvati, nguzo ya umeme, mwamba. Wakiing'oa unairudisha ndani ya sentimita chache. Wakihamisha na nguzo ya umeme, basi tayari hiyo ni picha yako ya pili.